Wanasesere Waliotiwa Mtoni

Hospitali ya Kifua, Pwani
12 Januari 1953

Kwa Mama,

Habari za huko bondeni na baridi hii? Hapa theluji haikai, upepo wa bahari unaifagia yote. Najua huu ndio wakati wa kuchemsha magome ya kutengenezea karatasi, na mikono ya kila mtu hapo nyumbani imepasuka kwa maji baridi. Baba Tamiko aliniandikia kwamba kile kikohozi chako cha msimu wa karatasi kimerudi. Tafadhali usikae karibu na mvuke.

Ndani ya kifurushi kuna mwanasesere wa Tamiko. Nimemkunja mwenyewe, nikiwa nimelala chali, kwa sababu bado siruhusiwi kuketi kwa muda mrefu. Kimono chake ni karatasi ya maua iliyofungiwa vitumbua vya mwaka mpya vya mgonjwa mwenzangu. Nywele ni karatasi nyeusi, nimeikunja na kuivuta kwa ukucha mpaka ikajiviringa kama nywele za bibi harusi. Hana uso, na si kwamba nilisahau. Marehemu mama yangu alitufundisha hivyo. Mwanasesere wa karatasi hachorwi macho wala mdomo, ili mtoto mwenye huzuni amwone analia naye, na mtoto mwenye furaha amwone anacheka naye.

Muuguzi amemlaza ndani ya sanduku la dawa ya kuua vijidudu. Ananuka kidogo, lakini ni safi.

Nakuomba Mama, umpe wewe mwenyewe, umwambie, "Huyu ametoka kwa mama yako." Nilipoondoka Tamiko alikuwa na miaka mitatu. Sasa ana mitano. Mwenzangu wa kitanda cha dirishani aliletewa mwanawe juzi, amtazame kupitia kioo. Mtoto akamwamkia, "Shikamoo shangazi." Tangu siku ile mwenzangu huyo amegeukia ukuta.

Mkaza mwana wako,
Fusae


Kamidani
24 Januari 1953

Kwa Fusae,

Kifurushi kimefika. Mtoto hajambo, anakula, mashavu yamejaa kama viazi. Usitume kingine.

Sina maneno ya kuzungusha, unanijua. Kwenu mjini mwanasesere wa karatasi ni mchezo. Huku kwetu ana kazi yake. Unamsugua mwilini, unampulizia pumzi, anabeba maradhi yako na mikosi yako, kisha unamweka juu ya kisahani cha majani ya mpunga pamoja na ua la mpichi, unamkabidhi mto. Hakai na mtu. Tena wetu wana nyuso, tunajua tunamtuma nani. Huyo wako asiye na uso anatafuta kuvaa uso wa nani? Umemshika kwa mikono hiyo, umemkunja juu ya kifua hicho, halafu unataka mjukuu wangu alale naye? Dawa ya sandukuni! Ningekuwa naamini kila sanduku la daktari ningekuwa nimeshakufa.

La pili. Mshenga alikuja. Kuna mwanamke wa kijiji cha jirani, mumewe hakurudi kutoka vitani. Ana afya, na anajua kuchota rojo la magome kwa chekeche litoke karatasi. Heikichi hakusema ndiyo wala hapana. Unamjua mumeo, ukimwuliza kama mvua inanyesha atatoka kwanza alowe ndipo ajibu. Nimekuwekea humu karatasi ya talaka. Bonyeza muhuri wako uirudishe. Mimi si mtu mbaya, Fusae. Nyumba ya karatasi ikikosa mikono ya mwanamke majira ya baridi, inakufa. Mimi nimezeeka na kikohozi hiki kinanimaliza pumzi.

Vaa nguo nzito.

Kuwamoto Ishi


Hospitali ya Kifua, Pwani
3 Februari 1953

Kwa Baba Tamiko,

Nimepokea barua ya mama na kilichokuwa ndani yake. Sikuuliza unataka nini, kwa sababu najua ukiulizwa utanyamaza. Nauliza jambo moja tu, na hili unaweza kulijibu. Je, Tamiko anacheza na mwanasesere wangu? Anamwitaje? Anamlaza wapi?

Nimetengeneza mwingine. Nimemvika kimono cha rangi ya damu ya mzee na mkanda wa kijani, kama kile nilichovaa siku tuliyompeleka Tamiko hekaluni kushukuru kufikisha miaka mitatu. Mpe wewe, kwa mkono wako, mama akiwa kwenye mapipa ya magome.

Daktari anasema sindano zimefanya zilichoweza. Kinachobaki ni kupasuliwa. Watanitoa mbavu kadhaa upande wa kushoto ili pafu lilale na tundu lizibe. Wengine huamka, wengine hawaamki. Ameniambia niamue kabla ya majira ya mvua. Nami nimemjibu kwamba nasubiri barua kutoka nyumbani. Alinitazama kama mwendawazimu. Hajui kwamba mtu hukubali kisu kwa ajili ya mtu. Kama kuna mtoto huko ananisubiri, nitalala mezani kwao wanikate wapendavyo. Kama hayupo, waniache na mbavu zangu.

Nijibu, hata mstari mmoja.

Fusae


Kamidani
20 Februari 1953

Mama Tamiko,

Nimeanza barua hii mara nyingi, nikaishia kuzirudisha karatasi kwenye pipa la rojo. Afadhali niseme.

Wanasesere wako hawapo. Wa kwanza mama alimtia mtoni siku ileile alipofika. Wa pili nilimpa Tamiko mimi, kama ulivyotaka. Alimficha kifuani, ndani ya kimono, na mchana kutwa nilimsikia akinong'ona naye nyuma ya mbao za kuanikia karatasi. Jioni mama akamwona.

Mama alimwambia, "Huyu ni wa mtoni. Lete."

Tamiko akasema, "Huyu ni wa mama."

"Mama yako ndiye aliyesema atiwe mtoni. Amekutumia ili abebe ugonjwa aende zake. Unataka kumwasi mama yako?"

Tamiko akamtoa. Akampa mwenyewe, Fusae. Maji yalikuwa yamejaa, theluji ya mlimani inayeyuka. Alipomwona anazungushwa akaanza kukimbia ukingoni, anapiga kelele, "Nimesahau kitu! Nimesahau kumwambia kitu!" Nilimshika karibu na daraja. Mimi nilikuwepo muda wote. Nilisimama nimeshika chekeche la karatasi mkononi kama mlingoti.

Tangu siku ile halitamki neno mama. Akitaka kukutaja husema "yule wa pwani".

Mama hana nia mbaya. Anamwogopea mtoto. Na kusema kweli mtoto ameanza homa, huja jioni na kuondoka. Labda ni ule upepo wa mtoni.

Nisamehe kama unaweza.

Heikichi


Kamidani
8 Machi 1953

Kwa Fusae,

Umefurahi sasa?

Mtoto anakohoa. Homa haimwachi, shingo imeota vifundo, ananiangalia kwa macho makubwa. Nilikuambia usitume. Nilikuambia kwa maandishi! Ulimtumia mjukuu wangu ugonjwa ukauvika kimono na mkanda wa kijani, ukamwambia mumeo ampe kwa siri kama mwizi apitishaye kitu juu ya ukuta. Na lile lijinga likafanya. Siku nzima mtoto alilala na uchafu wako kifuani.

Wa kwanza niliwahi kumtia mtoni, nikaosha mikono. Wa pili ndiye aliyetumaliza.

Mimi ndiye ninayelala naye, mimi ndiye ninayemlisha uji, namtafunia figili nyeupe mdomoni mwangu mwenyewe ndipo nimpe, kwa kuwa koo linamuuma. Silali. Kikohozi changu na chake vinaitikiana kama mbwa wa vijiji viwili. Huyo mwanamke wa mshenga amesikia kuna homa ya kifua ndani, hataki tena hata kupita njia yetu. Karatasi imegandia mbaoni, hakuna wa kuibandua.

Kama una moyo wa mama, bonyeza huo muhuri ututoke. Ukiondoka kwenye daftari la ukoo huenda na maradhi yako yakakufuata.

Ishi


Hospitali ya Kifua, Pwani
14 Machi 1953

Kwa Mama,

Karatasi ya talaka imo humu. Muhuri umekaa upande, lakini jina linasomeka.

Nimemwuliza kila muuguzi kama karatasi inaweza kubeba ugonjwa huu. Mmoja alisema hapana, mwingine akasema sijui, wa tatu akaniambia nilale. Siwezi kulala. Nikifumba macho naona mikono yangu inakunja, inakunja, na katika kila mkunjo kuna mdudu naye amekunjwa humo. Nilidhani nimemtumia mtoto mtu wa kulia naye. Kumbe nilimtumia jeneza.

Mama, siku ya wanasesere kwa kalenda ya zamani, siku ya kuwatia mtoni, inakaribia. Tafadhali nifanyie hili, sina mwingine wa kumwomba. Chukua karatasi nzuri kuliko zote ulizo nazo, ile nyeupe mnayompelekea kuhani. Kata mfano wa mtu. Msugue Tamiko nayo, kichwani, shingoni penye vifundo, kifuani, mgongoni. Kisha nyuma yake andika jina langu. Usiandike la kwake. Andika Fusae, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa ng'ombe. Kama mto unachukua watu, unichukue mimi. Mimi tayari ni karatasi, ukininyanyua juu ya taa utaona upande wa pili.

Nimemwambia daktari akiweke kisu chake. Hakuna mtu ninayemwendea nikiamka.

Barua hii ishike kwa kibanio cha makaa. Ukishaisoma ichome. Usiiache karibu na mtoto.

Fusae


Kamidani
18 Aprili 1953

Fusae,

Soma barua hii mpaka mwisho kabla hujafanya lolote. Tafadhali.

Kwanza, Tamiko yu hai na atapona. Nimemsikia daktari kwa masikio yangu mawili, tena nilimlazimisha arudie.

Lile lori la picha za kifua lilikuja bondeni. Unajua kila mwaka likija mama huwa na sababu. Leo magome yanachemka, leo mgongo, leo sina nguo ya kuvua mbele ya watu. Safari hii daktari alipomwona Tamiko akasema hatamtibu mtoto mpaka amepiga picha kila anayelala chini ya paa lile. Mimi sina kitu. Tamiko ana doa dogo na tezi, dawa zitamtosha.

Kisha akaweka picha ya mama kwenye mwanga. Hata mimi nisiyejua kitu niliona. Kuna tundu kubwa juu ya pafu, lenye kingo nyeupe kama kuta za mji mkongwe.

Daktari akamwuliza, "Bibi, unakohoa tangu lini?"

Mama akasema, "Ni mvuke wa magome. Sisi sote wa karatasi tunakohoa."

"Mvuke hautoboi pafu. Hili ni la miaka. Ni la kabla mkaza mwana wako hajaugua."

"Ni wale wanasesere," mama akasema. "Aliwatuma yule mke wa mwanangu."

Daktari hakuwa mtu mkali, na hilo ndilo lililoumiza zaidi. Akamwambia taratibu kwamba karatasi iliyokaa kwenye dawa ikasafiri na posta haimwambukizi mtu. Ugonjwa huu hutoka kwenye pumzi ya anayelala karibu nawe, anayekukoholea usoni, anayekutafunia chakula. "Mtoto ameupata kwako, bibi. Na yule mama yake aliyeko pwani, sitaki kuapa, lakini nadhani naye aliupata hapahapa."

Mama akafunga kimono chake. Akatangulia njiani. Tulipofika hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha kuanikia, akafunga mlango, na tangu hapo akawa analala huko. Chakula niliweka kizingitini. Tamiko akienda upande ule, sauti ilitoka ndani, "Rudi! Rudi, shetani wewe, usije huku!" na mtoto hakuelewa amekosa nini.

Juzi ilikuwa siku ya wanasesere. Wanawake wote wa kijiji walikuwa ukingoni na watoto wao. Mama akatoka kibandani amevaa kimono chake cha misiba. Hakuwa na kisahani, hakuwa na mwanasesere. Alipita katikati yao akaingia majini, wakadhani anakwenda kukwamua kisahani kilichonasa. Maji yakamfika magotini, kiunoni, hakusimama. Safari hii sikusimama kama mlingoti. Niliruka. Alinipiga makofi humo humo majini, akisema, "Niache! Wa karatasi hawatoshi! Mnatuma karatasi na mwenye ugonjwa amekaa nyumbani!" Nilimbeba mgongoni mpaka nyumbani. Ni mwepesi, Fusae. Sikujua amekuwa mwepesi hivyo.

Daktari anataka alazwe. Mama anakataa, anasema hospitali ya karibu yenye nafasi ni hiyo yenu, na heri afe kuliko kuingia chumba ulichomo wewe.

Ile karatasi uliyoipiga muhuri niliitia kwenye pipa la rojo nikaipondaponda kwa mikono. Sijui imetokea kuwa karatasi ya nani sasa. Siku ile mshenga alipokuja ilikuwa niseme hapana, sikusema. Nasema leo.

Mume wako,
Heikichi


Hospitali ya Kifua, Pwani
22 Aprili 1953

Kwa Mama Ishi,

Nimesoma barua ya Heikichi, nikalia mpaka nikatema damu, na muuguzi akaninyang'anya. Sasa amenirudishia.

Sitakudanganya kwamba nina moyo mweupe. Nimelala hapa miaka miwili nikijiona mimi ndiye uchafu. Wewe ulikuwa unaniambia hivyo na mimi nilikuwa naitikia. Mwanangu ulimfanya amtie mama yake mtoni kwa mkono wake. Ningekuwa na pumzi ningepiga kelele usikie huko bondeni.

Lakini kufa hutakufa. Sikupi ruhusa. Ukifa, Tamiko atakua akidhani bibi yake alimfukuza mlangoni kwa sababu hamtaki. Nani atamweleza? Heikichi? Mpaka apate neno la kwanza mtoto atakuwa ameolewa.

Kitanda cha dirishani kiko wazi. Mwenzangu aliyekuwa amegeukia ukuta alifariki wiki iliyopita. Njoo ulale hapo. Sijakusamehe, na sijui kama nitakusamehe. Njoo hivyohivyo.

Mimi nimemwambia daktari anoe kisu chake.

Fusae


Kamidani
1 Mei 1953

Kwa Fusae,

Nyani haoni kundule. Hilo nililisema maisha yangu yote juu ya watu wengine.

Nimejaribu kukuandikia samahani, mkono umekataa. Si kwa kiburi, ila neno lenyewe ni dogo mno, ni kama kuziba paa zima kwa ukurasa mmoja. Kwa hiyo sijaliandika.

Unataka nije unitazame kila siku? Vyema. Nitakuja unitazame. Heikichi ataniegemeza hadi garini keshokutwa. Nakuja na mto wangu mwenyewe wa kulalia, mito ya hospitali siiamini.

Ishi


Hospitali ya Kifua, Pwani
5 Juni 1953

Heikichi mwanangu,

Nakuandikia mimi kwa sababu mkeo hawezi kuinua mkono wa kushoto, na wa kulia umefungwa bomba. Usishtuke, yu hai. Niliona nitangulize hilo, maana najua ungeisoma barua hii kwa mwendo wa konokono.

Tangu nifike tuliishi hivi. Siku ya kwanza aliniambia, "Kitanda chako ni kile. Viatu chini, si juu ya godoro." Basi. Siku zilizofuata alinisemesha tu nikikohoa bila kuziba mdomo: "Kitambaa, Mama." Mimi nikanyamaza. Wewe unajua ilivyo kazi kwangu kunyamaza. Wagonjwa wengine walidhani mimi ni bubu.

Jana walimchukua asubuhi. Alipokuwa anapitishwa mlangoni alinitazama, nami nikataka kusema kitu, nikasema, "Soksi zako zimegeuka." Ndilo lililonitoka. Akacheka, kisha mlango ukafungwa.

Nilikaa ukumbini. Walinifukuza nirudi kitandani, nikakataa, wakaniletea blanketi. Niliomba miungu yote niijuayo, na Buddha, na mto. Niliwaambia kama wanataka mtu basi niko hapahapa, sina hata haja ya kubebwa. Adhuhuri ikapita. Alitoka daktari mdogo, mbio, nguo ina damu, akaenda akarudi na chupa, hakunitazama. Nikasema ameshakufa. Nikaanza kufikiri ni maneno gani nitakuandikia wewe, na gani nitamwambia mtoto. Hakuna neno lililokuja, moyo ulikuwa mtupu kama pipa lililokaushwa.

Jioni wakamtoa. Mweupe kuliko karatasi yetu ya daraja la kwanza. Daktari mkubwa akasema, "Amekaza moyo huyu." Wakanikubalia kuketi karibu naye.

Sasa nisikilize, nina kazi ya kukupa. Mkalishe Tamiko mahali pazuri, umpe kitu kitamu mkononi, umweleze ukweli. Mwambie mama yake hakusema kamwe wale wanasesere watiwe mtoni. Mwambie nilisema hivyo mimi, bibi yake, na nilisema uongo. Usilainishe. Usiseme bibi alikosea kidogo, wala bibi alikuwa na hofu. Sema alisema uongo. Atanichukia, na ana haki, mimi kwa umri wangu nitaweza kuubeba. Akikuuliza kwa nini nilimfukuza mlangoni, hapo mwambie nilikuwa namwogopea. Hilo lilikuwa kweli. Na akitaka kumwambia mama yake kile alichosahau kumwambia mwanasesere, akwambie wewe, uandike herufi kwa herufi bila kurekebisha, ulete.

Mimi daktari amenionyesha picha yangu tena. Hakuna kisu cha mtu wa umri wangu. Kuna vidonge, navinywa. Pengine nitaona theluji, pengine sitaiona. Usije mbio, msimu wa kupanda mpunga umefika, maliza shamba.

Leo alfajiri Fusae alifumbua macho. Nikainama, nikaziba mdomo kwa kitambaa kama alivyonifundisha. Midomo yake imekauka, nikailowesha kwa pamba. Alinitazama, nikajua sasa atasema lile analostahili kulisema, nami nikajiweka tayari.

Akasema, "Mama, umekula?"

Nikamwambia nimekula. Sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu juzi. Basi nimekwenda nikaomba uji, nimeunywa wote nikiwa nimesimama, lisije likawa uongo mwingine tena.

Mama yako,
Ishi